Ufunguo wa Maman Honorine

Saa tano na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, daktari alimuuliza Maman Honorine leo ni siku gani. Nilikuwa nimeketi kati yao, kiti changu nimekisogeza nyuma kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali kwamba ndivyo mkalimani anavyopaswa kukaa. Maman alitazama dirisha, akatazama viatu vya daktari, kisha akanishika mkono chini ya meza. "Leo ni siku ya soko," alisema. Halafu kwa sauti ndogo, kwangu peke yangu: "Désiré, unisaidie. Niko na haya." Nikamgeukia daktari na kumwambia, kwa Kifaransa ambacho siku zile nilikionea fahari sana, kwamba Maman amesema leo ni Jumanne.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sasa nina hamsini na mitatu, natengeneza lifti katika majengo ya jiji hili la Brussels, na mwaka ule nimeukwepa kadiri nilivyoweza. Ningeendelea kuukwepa kama Yaya Solange, binti wa Maman (yaya kwetu ni dada mkubwa), asingenipigia simu wiki iliyopita nikiwa ndani ya shimo la lifti, taa kichwani na mikono imejaa grisi. "Désiré, niko na rendez-vous mardi. Kwa munganga wa kichwa." Miadi ya daktari, Jumanne. Nilimuuliza ana nini. "Nilipika maharagi mara mbili siku moya, sufuria mbili. Na mwezi uliopita nilishuka tramu nikakosa kujua nyumba iko wapi. Donc, utakuja?" Nikasema nitakuja, Yaya. "Bon. Lakini hutasema kitu. Utaikala tu kwa kiti." Nikacheka kidogo, nikidhani anatania. Yeye hakucheka.

Wakati ule nilikuwa mpangaji wao katika mtaa wa Laeken, ghorofa ya tatu, katika chumba kilichokuwa kimekusudiwa kuwa stoo. Kitanda kilianza mlangoni na kuishia dirishani. Jikoni ndimo tulimoishi hasa: meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua ya njano, redio iliyofungwa waya mahali pa antena, na kiti cha Maman karibu na bomba la joto, mgongo kwa ukuta ili aone anayeingia. Nilisafisha ofisi upande wa Schuman, kazi ya alfajiri, na kufikia saa tatu nilikuwa huru. Saa zilizobaki nilizitumia maktaba. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nilijisomea kwa mpangilio wangu: sarufi ya Kifaransa kwanza, kisha umeme, kisha mashine. Watu wa kwetu Kongo walijua. Aliyepata barua ya manispaa aliniletea, nami nilimsomea na kumwandikia jibu, na malipo yangu yalikuwa sahani ya sombe, yaani kisamvu, au dagaa wa sambaza wa kukaanga waliosafiri kutoka Kivu ndani ya sanduku la nguo. Yaya Solange alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Alirudi jioni miguu imevimba, akavua viatu mlangoni, akasonga bugali, na tulikula watatu tukisikiliza Maman akisimulia habari za Bukavu. Alizisimulia vizuri. Kwa muda mrefu sikutambua kwamba zilikuwa habari zilezile nne.

Ninapotafuta sababu ya sisi kutoona, narudi kwenye salamu. Kwetu kijana hamwendei mzee akamwuliza, "Unanikumbuka?" Huo ni utovu wa adabu. Anainama kidogo, anataja jina lake, anataja la baba yake, na mtaa kama kuna haja, ndipo anatoa mkono. Jumapili kanisani, katika ukumbi tuliokodi nyuma ya saluni moja ya mtaa wa Matonge, wazee walikaa benchi la mbele nasi tulipita mbele yao mmojammoja tukijitaja. "Ni miye Désiré, Maman, mutoto wa Barthélemy." "Eee, Désiré! Baba yako iko muzima?" Baba yangu alikuwa amekufa, na yeye aliimba mazishini kwake. Nilijibu kwamba yuko mzima, maana kumsahihisha mzee mbele ya wenzake ni kumvua nguo. Nyuma ya kila mzee alikaa binti au mkwe, na kila mzee aliposita, mtu wa nyuma alimalizia sentensi. Tuliita hiyo heshima, na ilikuwa heshima. Ilikuwa pia pazia lililoshonwa vizuri kuliko jingine lolote nililowahi kuona, nasi tulilivuta wote kwa pamoja.

Basi turudi kwa daktari. Maman alikuwa ameunguza sufuria tatu, na mara moja alikutwa kituo cha tramu na kandambili, mwezi wa Novemba, akisubiri lori la kwenda Uvira. Yaya Solange alitaka nafasi katika kituo cha mchana, ambako basi dogo huwachukua wazee asubuhi na kuwarudisha jioni. Ili aipate alihitaji karatasi ya daktari. Hakupewa ruhusa kazini, na kwa kuwa Kifaransa cha Maman kilikuwa kimeanza kumtoka kabisa, alinituma mimi. Aliniambia mlangoni, akifunga koti lake: "Useme tu yenye atasema." Hakuna maagizo rahisi kuliko hayo.

Daktari aliuliza ni msimu gani. Maman alisema maharagi yamekomaa. Nikasema majira ya baridi. Aliuliza tuko wapi. Maman alisema tuko kwa masista. Nikasema tuko hospitali, ghorofa ya pili. Aliomba Maman akumbuke maneno matatu: chungwa, ufunguo, kitambaa. Baada ya dakika chache alipoyadai, Maman aliniambia, "Anataka nimununulie nini sokoni?" Nami niliyataja yote matatu, tena kwa kusitasita kidogo kati ya la pili na la tatu, ili ionekane kama mtu anayekumbuka. Nimefikiria sana huko kusitasita. Mengine yote ningeweza kuyaweka chini ya jina la heshima, kwa sababu mzee alinishika mkono na kuniomba. Kusitasita kulikuwa ufundi, nami nilifurahia ufundi wangu. Karatasi ilisema kwamba kumbukumbu ya Maman ni ya kuridhisha kwa umri wake, na kwamba huenda ana huzuni ya ugenini. Tulipotoka alinipigapiga shavu. "Mutoto muzuri," alisema. "Hukuniacha nianguke."

Yaya Solange alisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Nilitegemea kwamba angefurahi. "Kuridhisha," alisema. "Donc akili iko." Kituo cha mchana hakikumpokea Maman, kwa kuwa hakuwa mgonjwa. Na kitu kilibadilika mle ndani, ambacho nilikisikia zaidi kuliko kukiona, maana ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba. "Maman, nilikuambia mara ngapi? Unanifanyia kusudi!" Halafu sauti ya Maman, ndogo: "Kusudi ya nini?" Halafu vyombo. Siku moja kulikuwa na kishindo cha sahani, kisha kishindo kingine kisicho cha sahani. Nilikuwa na kitabu cha umeme mapajani. Niligeuza ukurasa.

Maman alipotoka tena na kurudishwa na dereva wa tramu, Yaya Solange aliniambia kwamba hana njia nyingine. Ningeweza kumweleza pale pale. Badala yake nilikwenda kununua kitasa kipya. Kitasa cha awali kilifunguka kwa ufunguo ambao Maman alikuwa nao, umefungwa kwenye pindo la kitenge chake kwa fundo dogo gumu. Kumnyang'anya kungemtia aibu na kungezua vita. Kubadilisha kitasa kulikuwa safi. Nilipima mlango, nikatoa kile cha zamani, nikaingiza kipya, nikafuta vumbi la mbao sakafuni. Kazi ilikuwa nzuri, Yaya Solange alinisifu, na tangu siku ile alipokwenda kazini alifunga kwa nje. Mimi nilirudi nyumbani kula saa nane, nikafungua, nikakaa naye kidogo, kisha nikaenda maktaba na kufunga tena.

Baada ya siku chache Maman alinijia na ufunguo wake mkononi. "Désiré, weye ni fundi. Angalia hii ufunguo, inakatala." Niliuchukua. Ulikuwa na joto la mwili wake. Sikuweza kumwambia kwamba ufunguo ni mzima na mlango ndio uliobadilishwa. Nilikwenda kuchukua kopo la mafuta ya cherehani, nikautia tone moja, nikaufuta kwa kitambaa taratibu pande zote mbili, na nikamrudishia. "Jaribu kesho, Maman." "Aksanti, mutoto." Aliufunga tena kwenye pindo. Baada ya hapo alikuwa akiniletea kila alipokumbuka, na kila mara nilitia tone. Kitenge kilipata doa la mafuta pembeni ambalo halikutoka hata kwa kuchemshwa. Yaya Solange aliuliza ni doa la nini, nami nikasema sijui.

Mwezi wa Machi, mchana mmoja, Maman aliinjika maharagi na kuyasahau. Jirani wa chini, mama wa Kibelgiji mwenye mbwa mzee, alinusa moshi, kisha akasikia mtu akipiga mlango kwa ndani. Niliporudi, zimamoto walikuwa wameuvunja ule mlango wa kitasa changu na polisi wawili walisimama ngazini. Maman alikuwa ameketi kwenye ngazi, amevalishwa koti la jirani juu ya nguo ya kulalia, masizi puani, na majirani wa ghorofa zote wametoka kutazama. Aliponiona alisema kwa nguvu, "Juu ya nini munanifungia? Miye niko mbuzi?" Hakuna aliyeelewa ila mimi. Polisi mmoja aliniuliza amesema nini. Nikasema ameshtuka tu.

Hakuumia. Lakini mtu wa ustawi wa jamii alikuja siku mbili baadaye, mwanamke mpole mwenye faili, na swali lake lilikuwa la haki: karatasi inasema mama huyu ana akili yake timamu, kwa nini basi binti yake, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, anamfungia ndani siku nzima? Mahali pa kazi walimsimamisha Yaya Solange hadi uchunguzi uishe. Kwa kazi yake, shauri la kumtesa mzee likithibitishwa ni mwisho. Hakuna nyumba ya wazee ambayo ingemchukua tena, wala hakuwa na cheti kingine. Jumapili kanisani watu walimpisha njia zaidi ya ilivyohitajika. Nilisikia mama mmoja wa kwaya akimwambia mwenzake, bila kujali kama nasikia: "Anaosha bibi ya bazungu, ya kwake anafungia kama kuku."

Jioni ile tulikuwa jikoni, tunachambua maharagi. Maman alikuwa kitini pake, amelala, mdomo wazi. Yaya Solange hakuinua macho. "Désiré. Siku ile kwa munganga, alisema nini?" Nikamwambia yote: soko, maharagi, masista, maneno matatu. Nilimwambia hata kusitasita. Nilitegemea anifukuze, na nadhani ningefarijika. Aliendelea kutenga mawe madogo upande mmoja wa kitambaa cha maua ya njano. "Kumbe," alisema. Kisha: "Nilimupiga, Désiré. Ile siku ya sahani. Nilimupiga mu uso, juu karatasi ilisema akili iko. Nilisema, huyu maman ananichezea." Alifuta mikono kwenye aproni. "Wagonjwa wa kule kazini wananitukana kila siku, siwakasirikii. Najua ni ugonjwa. Ya kwangu nilimupiga." Maman aliamka akauliza kama tumekwisha kula.

Niliandika barua kwa daktari, nikaisahihisha mara nyingi, kisha nikaichana na kwenda mwenyewe. Tulipewa siku nyingine, safari hii pamoja na mkalimani rasmi, Mtanzania mwenye tai na miwani. "Mama, tafadhali, naomba unieleze leo ni siku gani," alisema kwa upole mwingi. Maman alinigeukia. "Huyu anasema kama radio." Yule bwana alicheka kweli, akamwomba daktari aniruhusu nizungumze mimi, naye asikilize na kutafsiri. "Sema naye, ndugu," aliniambia. "Mimi nitayapeleka kama yalivyo." Kwa hiyo niliuliza mimi, na majibu yalipita kwa mwingine yakiwa mazima. Siku ya soko. Wakati wa maharagi. Kwa masista. Maman alitazama mdomo wa yule bwana ukienda, akatazama kalamu ya daktari, na taratibu nikaona ameelewa kinachofanyika, hata kama hakuelewa sababu. "Désiré," alisema. "Unanisema kwa bazungu?" Hilo nalo likatafsiriwa.

Maneno matatu yalikuwa yaleyale. Yalipodaiwa, Maman alipapasa pindo la kitenge chake. Kisha uso ukamng'aa. Akafungua fundo la kitenge chake na kuweka ufunguo juu ya meza ya daktari. "Ufunguo niko nayo," alisema. "Lakini inakatala. Désiré anatiaka mafuta kila siku, inakatala paka vile, haifungue." Mkalimani alitafsiri, akasita, akaniangalia. Daktari aliuliza maana yake ni nini. Yaya Solange alikuwa ameketi nyuma yangu. Nikaeleza mwenyewe, kwa Kifaransa, habari ya kitasa na habari ya mafuta. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kujifunza lugha ile nilikosea vitenzi.

Karatasi mpya iliandikwa. Uchunguzi ukafungwa, na Yaya Solange akarudi kazini, ingawa walimweka chumba cha kufulia kwa miaka miwili kabla ya kumruhusu tena kugusa mgonjwa. Maman alipata basi lake dogo. Alilipenda, alimwita dereva "mukwe wangu". Alifariki majira ya joto yaliyofuata, na hadi siku ya mwisho alinipokea kwa furaha nilipojitaja, lakini mkono hakunishika tena. Huenda alisahau sababu. Nimesoma kwamba hisia hubaki wakati tukio limekwisha kufutika, na nimetamani kitabu hicho kiwe kimekosea.

Maana nilirudi maktaba, bila shaka. Sikujua njia nyingine ya kuhuzunika. Nilisoma kwamba baada ya miaka sitini na mitano, kila miaka mitano hivi inayopita, uwezekano wa ugonjwa huu wa usahaulifu unakaribia kuongezeka maradufu. Nilifunga kitabu nikafanya hesabu kichwani. Kwa mtu wa sitini na mitano ni jambo la nadra. Ukiongeza maradufu, na tena, na tena, unafika karibu na tisini, ambako ukikusanya wazee wachache tu katika chumba kimoja, ni vigumu kuamini kwamba hakuna hata mmoja. Nilifikiria benchi la mbele kanisani. Maman alikuwa na miaka themanini na minane kwa hati zake. Walio kulia na kushoto kwake walikuwa wa rika lake. Tulikuwa tumeficha kwa nguvu zote kitu ambacho kilikuwa kimeketi pale mbele ya kila mtu, kila Jumapili, kimevaa kitenge cha sherehe. Kabla Maman hajafa, yule mama wa kwaya alikuja Laeken akijifanya analeta sufuria aliyoazima. Aliketi, akanywa chai, akasifu mapazia. Alipokuwa mlangoni akamwambia Yaya Solange kwa kunong'ona: "Maman ya kwangu inaficha nyama mu kabati ya nguo. Tangu mwaka jana. Tulisema ni panya." Wakatazamana, kisha wakaanza kucheka hadi ikabidi warudi kuketi. Mimi nilikuwa chumbani kwangu. Nilicheka pia, kisha nikakumbuka ni nani aliyeufanya mwaka ule uwe mrefu kiasi kile.

Jumanne hii nilimpitia Yaya Solange mapema. Alikuwa amevaa vizuri, gauni la bluu, lipstiki. Ana miaka sabini na minane. Maswali yale anayajua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa amekaa kando ya wazee wengi walipoulizwa, na ndani ya tramu aliniambia amejizoeza tangu alfajiri. Chumba kilikuwa katika jengo jipya; lifti yake niliwahi kuitengeneza. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, alimsalimia, akamwuliza maswali mawili ya kumtuliza, kisha akauliza leo ni siku gani.

Yaya Solange alitazama dirisha. Kisha akanigeukia. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, wangu haukuwa mbali, na nilihisi neno Jumanne limesimama ulimini mwangu, tayari, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nilitazama sakafu. Sikuona uso wake ulivyokuwa katika muda ule, na ni muda ambao ulikwenda polepole. Kisha nikasikia kiti chake kikigeuka upande wa daktari.

"Bon," alisema. "Andika: miye sijui." Akatambua kwamba amesema Kiswahili, akalirudia kwa Kifaransa chake cha kazini, wazi na bila kusita, na daktari akaandika.